Kabla Hujamvisha Muuguzi Miwani

Umepewa kazi ya kufundisha wauguzi namna ya kuzungumza na mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na pamoja na kazi hiyo umekabidhiwa boksi la miwani ya uhalisia pepe, ile inayomfunika mtu macho na kumfanya ajione yuko ndani ya mahali palipo kwenye picha. Karibu. Wengi wanaoingia kwenye kazi hii huanzia kwenye boksi: miwani ni ya aina gani, betri inakaa muda gani, picha zake zina ubora kiasi gani. Hayo yana majibu mepesi na nitayagusa huko mbele. Swali linalostahili kukuumiza kichwa ni hili: mgonjwa aliyemo ndani ya miwani atasema sentensi gani, na muuguzi akishaisikia atakaa nayo kwa muda gani kabla hujampa mlango wa kuikimbia?

Darasa la kawaida linaweza kumfundisha muuguzi hatua sita za SPIKES, utaratibu wa kutoa habari nzito uliochapishwa mwaka 2000 na Baile, Buckman na wenzao: andaa mahali, jua mgonjwa anaelewa nini, omba ruhusa, toa taarifa, pokea hisia, kisha pangeni pamoja kinachofuata. Atazikariri na kuzipata zote kwenye mtihani. Halafu ataingia wodini usiku, mzee mmoja atamshika mkono amuulize, “Nesi, kwani mimi nakufa?” Naye atajibu, “Usiseme hivyo mzee, utapona tu,” huku macho yake yakiwa kwenye dripu. Hatua zote sita bado anazikumbuka. Kinachompungukia ni mazoezi ya kubaki palepale aliposhikwa, na hicho ndicho miwani inaweza kukusaidia kumpa, ukijua kuitumia.

Zingatia pia kwamba SPIKES iliandikwa kwa kuwafikiria madaktari wa saratani, watu ambao kazi yao ni kutamka habari kwa mara ya kwanza. Muuguzi mara nyingi hupokea kinachobaki. Daktari akishageuka kuondoka, mgonjwa anaita, “Sista, yule alikuwa anasema nini?” Binti wa mgonjwa anamvuta pembeni na kumsihi, “Tafadhali dada, mama asijue.” Mume anakataa mofini, dawa kali ya maumivu, kwa sababu amesikia kwamba mtu akianzishiwa hiyo basi safari imekwisha. Ndugu wanalalamika kwamba mgonjwa wao hapewi chakula. Na saa za mwisho zikikaribia, pumzi inaanza kukoroma kwa majimaji kooni, familia inadhani mgonjwa anazama, na wa kuulizwa ni yeye. Kwa hiyo ukitafuta kisa kilichokwisha kutengenezwa na wengine, kitazame kwa jicho hilo. Ukikuta chumba kizuri, viti viwili vinavyotazamana, mlango uliofungwa na nusu saa ya utulivu, ujue hicho ni kisa cha daktari. Muuguzi wako huulizwa akiwa amesimama na trei mkononi.

Nikueleze kisa ninachokipenda kuliko vyote, maana kinachukua dakika chache na hakuna anayekufa ndani yake. Mshiriki anavaa miwani na kujikuta kando ya kitanda. Mama wa makamo amelala, anapumua kwa shida kidogo, dripu inashuka tone kwa tone. Mama anauliza, “Sista, hii dripu itaisha saa ngapi?” Karibu kila mshiriki huinua uso kuitazama chupa, hupiga hesabu ya matone, hujibu, “Kama saa kumi hivi, mama.” Mgonjwa ananyamaza. Kisha: “Saa kumi. Na ile dawa inayonilaza mnanipa saa ngapi?” Mshiriki anajibu tena, kwa usahihi kabisa. Mama anageuza uso upande wa dirisha, na kisa kinaishia hapo.

Miwani ikishavuliwa ndipo mshiriki anapewa karatasi ya habari za mgonjwa. Mwanawe wa kiume, ambaye hawajaonana kwa miaka mingi, anafika jioni hiyo. Mama alitaka kujua kama atamkuta macho. Tumia karatasi hiyo moja na hutahitaji mhadhara mrefu juu ya wazo la Cicely Saunders, yule aliyekuwa muuguzi, kisha mhudumu wa ustawi wa jamii, kisha daktari, na aliyefungua nyumba ya kutunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, St Christopher’s Hospice jijini London mwaka 1967. Saunders alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya nafsi, ya jamaa zake na ya imani yake kwa pamoja. Mshiriki ameyaona yote manne yakijificha nyuma ya swali la dripu. Mrudishe ndani ya kisa kilekile kwa mara ya pili, umpe sharti moja tu: akishajibu habari ya saa, aongeze swali moja. Wengine husema, “Kuna jambo unalisubiri, mama?” Wengine huuliza tu, “Mbona unauliza?” na sauti ikiwa laini, nalo linatosha. Hapo kisa kifunguke na mama aanze kueleza habari za mwanawe.

Kanuni yangu ya kuandika visa imetokana na hicho: kisa kimoja, sentensi moja ya mgonjwa iliyo ngumu, ujuzi mmoja. Utajaribiwa kujaza. Mkuu wa chuo atataka kisa kioneshe pia usafi wa mikono, daktari atataka dozi ya mofini itajwe, na mtaalamu wa kompyuta atataka mshiriki aweze kufungua kabati. Kataa kwa upole. Mshiriki anayehangaika kufungua kabati la kwenye picha hamsikilizi mgonjwa.

Sasa, video ya nyuzi 360, yaani inayorekodi pande zote, au mgonjwa aliyechorwa kwa kompyuta? Kwa anayeanza, mimi nasema video. Waigizaji wazuri wawili, kitanda halisi, kamera moja, na asubuhi nzima ya kurekodi inakupa uso wa binadamu wenye mikunjo yake, midomo iliyokauka, na jicho linalokwepa. Mgonjwa wa kuchorwa bado ana tatizo alilolieleza Masahiro Mori mwaka 1970 alipokuwa akizungumzia roboti: kitu kikikaribia sana kufanana na mtu bila kufika, mtazamaji anasisimka vibaya badala ya kuvutika. Katika mazungumzo ya kifo jambo hilo linaharibu kila kitu, kwa sababu unachomfundisha muuguzi ni kusoma uso, na uso wenyewe umekaa kama sanamu. Mgonjwa wa kuchorwa ana faida moja kubwa, kwamba anaweza kujibu tofauti kulingana na mshiriki anavyosema. Ukihitaji hilo, njia rahisi ni kumweka mtu nyuma ya pazia, mwezeshaji mwenzako, anayesikiliza na kubonyeza jibu linalofaa. Mashine ya kutambua usemi hushindwa haraka mtu anaponong’ona, anaposita au anapochanganya lugha, na mazungumzo haya yamejaa hayo matatu.

Jihadhari zaidi na visa vya kuchagua jibu: mgonjwa anauliza, halafu yanatokea maneno matatu hewani, chagua A, B au C. Vinavutia kwa sababu vinatoa alama. Lakini muuguzi mjanja hujifunza kutambua jibu refu lenye maneno ya huruma na kulichagua, naye wodini hakuna atakayemwandikia majibu hewani. Kibaya zaidi, havina jibu la kunyamaza. Kama huna budi kuvitumia, basi ongeza chaguo la kutosema lolote, na ulifanye liwe jibu sahihi mara kwa mara.

Ukirekodi mwenyewe, kuna mambo madogo yatakayokuokoa. Kamera isisogee hata kidogo. Jicho likiambiwa mwili unatembea na sikio la ndani likasema mwili umetulia, mtu anapata kichefuchefu, na mshiriki mwenye kichefuchefu hana habari na mgonjwa wako. Kamera ya lenzi mbili huunganisha picha mbili, na kwenye mshono wa picha hizo vitu vilivyo karibu hukatika au kujirudia. Kwa hiyo mwigizaji akae katikati ya lenzi moja, asivuke mshono, na asikaribie sana. Mkono unaokatika kiganjani katikati ya maneno mazito huleta kicheko ambacho huwezi kukirudisha nyuma. Sauti irekodiwe kwa uangalifu kuliko picha. Mashine ya oksijeni inayovuma, mlango unaogonga mbali, kikohozi cha kitanda cha pili: hivyo ndivyo vinavyomfanya muuguzi asahau kwamba yuko darasani.

Na kila kitu cha kitabibu kiwe sahihi. Mel Slater, aliyechunguza uhalisia pepe kwa miaka mingi, alitenganisha mwaka 2009 hisia mbili: ile ya kuwa mahali pale, na ile ya kuamini kwamba yanayotokea yanatokea kweli. Ya kwanza miwani inakupa yenyewe. Ya pili ni juu yako, na wauguzi ni watazamaji wakali. Dripu isiyodondoka, mrija wa oksijeni uliovalishwa kinyume, mgonjwa anayedaiwa kuwa hoi huku mashavu yamejaa: wataliona hilo kabla hawajasikia neno, na tangu hapo watakuwa wakikagua kazi yako badala ya kumsikiliza mgonjwa. Mwombe muuguzi wa wodi ya tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, akae pembeni siku ya kurekodi, na akisema “hapa sivyo,” simamisha.

Kuna aina ya pili ya kisa, ambapo mshiriki ndiye mgonjwa. Kampuni ya Embodied Labs ya Marekani imetengeneza kimoja ambacho unakuwa Clay, mwanamume wa miaka 66 mwenye saratani ya mapafu iliyofika hatua ya nne, tangu daktari anapomweleza hali yake hadi siku za mwisho akiwa nyumbani na familia. Hata bila programu ya kununua unaweza kutengeneza chako kwa kuweka kamera usawa wa mto. Ila mlaze mshiriki kweli anapotazama. Akikaa kwenye kiti huku picha inamwambia amelala, mwili na jicho vinagombana na kisa kinapoteza nguvu. Akilala, anaona kile ambacho muuguzi hakioni akiwa wima: watu watatu wamesimama miguuni pake wakimzungumzia kama vile hayupo, “Huyu alikojoa usiku?” Anaona kidevu cha daktari. Anaona jinsi mtu aliyekaa kwenye kiti anavyokuwa na uso, na aliyesimama anavyokuwa na kifua na kitambulisho tu. Wauguzi wazoefu, wale wanaoingia darasani wakiwa wamekunja mikono, huwa kisa hiki ndicho kinachowalegeza. Wakitoka humo hutasikia tena ubishi kwamba kuvuta kiti ni kupoteza muda.

Lakini usikipe sifa kuliko kinavyostahili. Mwaka 2015 mtengeneza filamu Chris Milk aliuita uhalisia pepe mashine ya huruma, na maneno hayo yamerudiwa sana na wanaouza vifaa. Kumhurumia mgonjwa na kujua la kumwambia ni vitu viwili. Nimewaona wauguzi wenye huruma tele wakipiga chenga kila swali gumu kwa sababu hasa ya huruma hiyo: hawataki kumwumiza mgonjwa, basi wanamung’unya maneno, funika kombe mwanaharamu apite. Kwa hiyo kisa cha kuwa mgonjwa kitangulie ili kifungue moyo, lakini kisiwe ndiyo mafunzo yote. Siku ileile au wiki ileile, mshiriki asimame upande wa pili wa kitanda na afanye kazi ya kuzungumza kwa mdomo wake.

Kabla ya kumvisha mtu yeyote, ongea na kundi. Hii sehemu wageni huipita haraka kwa sababu kila mtu ana hamu ya kuona miwani. Waambie wazi kisa kinahusu nini: kuna mgonjwa wa saratani, kuna mtu atalia, kuna au hakuna kifo. Hakuna faida yoyote ya kumshtukiza mtu. Katika kundi lolote la wauguzi yupo aliyemzika mzazi karibuni, yupo mwenye mgonjwa nyumbani, na hutamjua kwa sura. Mpe kila mmoja ruhusa ya kutovaa miwani bila kueleza sababu, na umpe kazi nyingine ya heshima, kama kuandika maneno ya mgonjwa, asionekane aliyejitenga. Uliza pia, faraghani, juu ya kifafa, kizunguzungu cha mara kwa mara na kipandauso. Kubalianeni ishara ya kusimamisha: mkono juu unatosha.

Wakati mshiriki yuko ndani, wewe una kazi ngumu kuliko unavyodhani, kwa sababu macho yake yamefunikwa na miwani. Mwezeshaji aliyezoea kusoma nyuso anajikuta kipofu. Tazama mikono. Mtu aliyezidiwa hukunja vidole, hushika shingo, huacha kupumua kwa sekunde kadhaa, au miguu yake hurudi nyuma taratibu kama anayetafuta mlango. Kama analia, usimvue miwani kwa kumshtukiza. Mwite kwa jina, mwambie ni wewe, mwambie unasimamisha, na kama unataka kumgusa bega mwambie kwanza. Miwani nyingi za sasa zinaweza kumwonesha chumba halisi kupitia kamera zake. Washa hiyo ili arudi taratibu, kisha avue mwenyewe. Kuwe na kiti nyuma yake, maji, na vitambaa vya kujifutia. Machozi yanatia ukungu kwenye lenzi, na mtu anayehangaika na ukungu huku analia anajisikia vibaya mara mbili.

Zoezi lenyewe lisizidi dakika kumi kwa mara moja. Majadiliano ya baada yake yachukue mara tatu au nne ya muda huo. Ukibanwa na ratiba, punguza kisa, usipunguze majadiliano. Ukilazimika kuchagua kati ya miwani bora na mwezeshaji aliyefundwa kuongoza majadiliano, chukua mwezeshaji.

Majadiliano yana mpangilio wake. Mimi nafuata unaofanana na ule uliotolewa mwaka 2015 na Eppich na Cheng kwa jina la PEARLS: kwanza hisia, kisha nini kilitokea, kisha kwa nini, mwisho nini cha kubeba. Hisia zitangulie kweli. Mshiriki akivua miwani, swali la kwanza liwe “Unajisikiaje?” na lisifuatwe na swali lingine kwa muda. Wauguzi wengi watalijibu kwa kujihukumu: “Nimeharibu, nilipaswa kumwambia…” Mrudishe pole pole kwenye swali. Mtu ambaye hisia zake hazijapata nafasi hawezi kuchambua alichofanya. Anajitetea tu.

Kwenye uchambuzi, usijifanye huna maoni. Jenny Rudolph na wenzake walishauri mwaka 2006 kwamba mwezeshaji aseme alichoona na alichofikiri waziwazi, kisha aulize kwa udadisi wa kweli. Kwa mfano: “Mama aliposema saa kumi, nilikuona ukirudi kuishika dripu. Nikawaza kwamba labda ukimya ulikuwa mzito. Wewe ulikuwa unafikiria nini?” Jibu litakushangaza mara nyingi. Mmoja atasema hakuona kabisa kwamba mama amenyamaza. Mwingine atasema aliona, akajua kuna jambo, akaogopa kwamba akiuliza hatakuwa na jibu. Hawa wawili wanahitaji mafunzo tofauti kabisa, na kama ungeanza kwa kusema “hukumsikiliza mgonjwa,” wote wawili wangetikisa kichwa na kukubali, usijue tofauti yao.

Huyo wa pili ndiye utakayemkuta zaidi. Hofu yake ni kwamba kuuliza kunamlazimu kutatua. Mfundishe kwa vitendo kwamba kuitaja hisia ni kazi iliyokamilika yenyewe: “Naona hili linakutia hofu.” Kuna orodha ya herufi za NURSE inayotumika sana katika mafunzo haya, yenye mambo matano: kuitaja hisia, kuonesha umeelewa, kuheshimu, kuunga mkono na kudadisi zaidi. Ni orodha nzuri, ila usiimwage yote siku moja. Anza na kutaja hisia, warudie kisa, basi. Siku nyingine chukua kudadisi. Mshiriki aliyebeba yote matano kichwani utamsikia akiyatoa kwa mfululizo kama anayesoma risiti, na mgonjwa halisi huyatambua maneno ya kukariri mara moja.

Kwa ukimya, tumia saa. Waambie wafunge macho, wanyamaze, wanyooshe mkono wakidhani sekunde kumi zimepita. Wengi watanyoosha mapema mno. Kisha waoneshe kwenye video ya zoezi lao jinsi mgonjwa alivyokuwa anafungua mdomo kusema na wao wakamkatiza. Picha hiyo moja inafanya kazi ambayo mhadhara wa saa nzima hauwezi.

Na kisa cha “mama asijue” kitakuletea mjadala mkali zaidi kuliko vyote, uwe tayari. Nusu ya darasa watasema mgonjwa ana haki ya kujua, nusu watasema familia iheshimiwe, na wote watakutazama uamue. Usiamue haraka. Wapeleke kwenye swali la kumuuliza binti: “Unaogopa nini kitatokea akijua?” Halafu swali la kumuuliza mgonjwa, kabla ya taarifa yoyote: “Wewe mwenyewe ungependa kujua kiasi gani, na ungependa nani awepo?” Kati ya maswali hayo mawili ndimo muuguzi anamoweza kufanya kazi bila kumdanganya mtu na bila kuvunja nyumba ya watu. Yale mengine, nani anapaswa kusema na kwa utaratibu gani, yanategemea sheria na taratibu za kazi za mahali ulipo; zijue kabla ya kuingia darasani.

Kama una miwani moja na watu ishirini, usihuzunike. Rusha picha ya aliyevaa kwenye skrini, na wape wanaotazama kazi maalumu. Mmoja aandike maneno ya mgonjwa tu, neno kwa neno. Mwingine aandike maneno ya mwisho ya mshiriki kabla ya kila ukimya. Mwingine atazame mikono. Marufuku kutoa alama. Mara nyingi wanaotazama hujifunza sawa na aliyevaa, na pengine zaidi, kwa kuwa hawana hofu.

Mambo ya kifaa, kwa ufupi. Vifuniko vya uso vibadilishwe kwa kila mtu. Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu, kamwe si spiriti, na zisiachwe zikatazama jua hata dakika moja, maana lenzi hukusanya mwanga na kuunguza skrini ya ndani. Mfundishe kila mshiriki kurekebisha umbali wa lenzi ulingane na macho yake; mtu mzima wa wastani ana kama milimita 63, lakini watu hutofautiana, na picha yenye ukungu huumiza kichwa. Wenye miwani ya macho wawekewe kipande cha kupanua nafasi. Pakua visa vyote ndani ya kifaa kabla ya siku yenyewe, usitegemee waifai ya hospitali. Masasisho yafanyike siku moja kabla.

Wakubwa watataka ushahidi. Wape takwimu za Shirika la Afya Duniani: kila mwaka watu wapatao milioni 56.8 wanahitaji tiba shufaa, na karibu asilimia 14 tu ndio wanaoipata. Takwimu hizo zinaeleza kwa nini wauguzi wa kawaida wanahitaji ujuzi huu, kwani wengi wa wagonjwa hao hawatakutana na mtaalamu. Hazisemi kwamba miwani ndiyo dawa, na usiziache zikasemeshwa hivyo. Dodoso la kujiamini ukiligawa mara baada ya zoezi litakupa alama nzuri ajabu, maana kila mtu ametoka amesisimka. Donald Kirkpatrick alikwisha kutugawia ngazi nne za kutathmini mafunzo tangu mwaka 1959: walipenda, walijifunza, wanatenda, matokeo yamebadilika. Tafiti nyingi za uhalisia pepe katika eneo hili ni ndogo na zinaishia ngazi mbili za chini. Wewe panda angalau moja zaidi. Tumia mgonjwa wa kuigiza, njia ambayo Howard Barrows aliianzisha tangu mwaka 1963 kwa kufundisha madaktari: rekodi mazungumzo ya kila muuguzi na mwigizaji huyo kabla ya mafunzo, kisha tena miezi kadhaa baadaye. Hesabu vitu vinavyohesabika. Alikaa au alisimama? Alimkatiza mgonjwa mara ngapi? Hisia ilipotokea, aliitaja au aliruka kwenye dawa? Msikilizaji wa rekodi asijue ipi ni ya kabla na ipi ni ya baada.

Bado kuna suala la hizo rekodi. Utakuwa na mafaili ya wauguzi wakitetemeka, wakilia, wakisema maneno ambayo wasingependa msimamizi wao ayasikie. Kabla ya kurekodi wape kwa maandishi: nani ataona, kwa muda gani, na lini zitafutwa. Kisha zifute siku hiyo kweli. Siku moja mtu wa utawala atakuja, kwa nia njema kabisa, aombe video za muuguzi fulani ili zimsaidie kuamua kuhusu cheo au malalamiko ya mgonjwa. Jibu ni hapana, na liwe limeandikwa kwenye utaratibu wenu kabla hajauliza, lenye saini ya mkuu wake.